Ameshirikiana

Mwaka ule nilipokubali kujaribiwa dawa
muuguzi alinisomea karatasi tatu kwa Kiswahili,
kisha akarudia kwa Kisukuma, taratibu,
kama mtu anayehesabu dagaa mmoja mmoja.
"Waweza kukataa," akasema. "Waweza kuondoka
hata sindano ikiwa tayari mkononi mwangu."
Nikachovya gumba kwenye wino wa buluu.
Wakanipa nauli ya kurudi Igoma, na soda.

Kazi ya kuosha vizimba niliipata baadaye,
huko juu ya mawe, nyuma ya Nyegezi,
nyumba nyeupe isiyo na kibao.
Gambuti, brashi, ndoo ya dawa inayowasha pua.
Bi Nyanzobe, msimamizi, alinipa sharti moja tu:
"Masalu, hawa usiwape majina."

Sungura walikuwa na namba sikioni.
Walitiwa jichoni matone ya sabuni,
sabuni ya kunukia, ya dukani,
shingo zimebanwa kwenye kijisanduku
wasije wakajifuta.
Sungura halii. Hilo ndilo lililonichosha.
Mbuzi angenisaidia kwa kelele.
Nani alikuwa anakufa, niambieni,
kwa kukosa harufu ya waridi?

Mbwa waliokotwa Kirumba, pembeni mwa soko la samaki,
wakigombea matumbo ya sangara.
Namba Kumi na Saba alikuja na kamba shingoni,
uzi wa wavu, umefungwa fundo la mtoto.
Kwa hiyo kulikuwa na mtoto.
Kulikuwa na sahani ya bati mahali,
na sauti inayoita jioni, na kuita tena.

Nikavunja sharti. Nikamwita Furu.

Maana ziwa hili nalo liliwahi kujaribiwa:
walikuja watu na ndoo, wakamwaga sangara,
tuone itakuwaje.
Ikawa. Sangara akanenepa, minofu ikapanda ndege,
na furu, aina kwa aina, wakazimika
kama karabai za wavuvi kunapopambazuka.
Wao nani aliwasogezea wino?

Yule mtoto, sijui nani, alikuwa amemfundisha kutoa mkono.
Basi Daktari Rweyongeza alipochuchumaa na sindano,
akitafuta mshipa,
Furu akampa mkono.
Akampa, na mkia ukapiga sakafu, pa, pa.
Daktari akacheka kidogo, si mtu mbaya,
akaandika kwenye daftari: *Ameshirikiana.*

Neno hilo nimelala nalo miaka sita.

Wanasema: mbwa ni kama sisi,
ndiyo maana tunampima.
Wanasema: mbwa si kama sisi,
ndiyo maana tunaruhusiwa.
Nimesimama na brashi yangu kati ya sentensi hizo mbili
na maji machafu yanapita.

Sisemi dawa ni uongo.
Binti yangu Kabula anapumua kwa kidonge,
asubuhi kimoja, usiku kimoja,
na sijui ni vizimba vingapi viko nyuma ya kila kimoja.
Nalijua hilo. Linanikaba.
Lakini deni ni langu.
Kwa nini alilipe asiyekopa?
Na wenye akili za kupima damu kwa tone,
wanaoona kijidudu ndani ya kijidudu,
kweli wameshindwa kutafuta njia nyingine,
au hakuna aliyewaambia watafute?

Usiku wa mwisho, hakuweza tena kusimama,
nilichukua kidau cha wino ofisini.
Nikachovya unyayo wake, nikaugandamiza karatasini.
Hata hapo, alinipa mwenyewe.
Nikaona haya.

Karatasi ninayo, chini ya godoro, pamoja na ile kamba.
Siku nyingine nikipita Kirumba
naitia kamba mfukoni, natazama mikono ya watoto,
natafuta anayefunga fundo namna ile.
Kisha naogopa kumpata.
Nitamwambia alishirikiana?